Mkunga-nyoka wa Kina Kirefu: Spishi Hutambuliwa kwa Ushahidi Gani?

Mwaka 1980 wataalamu wawili wa samaki wa Marekani, James Böhlke na John Caruso, walitangaza spishi mpya ya mkunga kutoka Ghuba ya Meksiko wakaiita Ophichthus rex. Samaki mwenyewe si wa kupotea machoni. Huweza kupita mita 2 kwa urefu, na wavuvi wa mshipi wanaotafuta changu na chewa kwenye maji ya kina hukutana naye. Ghuba hiyo imezungukwa na vyuo vikuu, meli za utafiti na visima vya mafuta. Hata hivyo jitu hilo lilikaa bila jina la kisayansi miaka 222 tangu Linnaeus aweke msingi wa majina ya wanyama mwaka 1758.

Ikiwa samaki wa ukubwa huo alichelewa hivyo, itakuwaje kwa ndugu zake wa sentimita 40 au 50, wa rangi moja ya kahawia, wanaojizika matopeni mita mia kadhaa chini ya uso wa bahari? Wanapopanda juu huwa wamechubuka ngozi, wamekatika mkia, wamechanganyika na kamba, kaa na takataka za sakafu ya bahari. Anayewashika kwanza ni baharia mwenye haraka ya kuchagua kinachouzika. Swali la uchambuzi huu ni hili: mtu anapomshika mkunga wa namna hiyo, anajuaje kwamba ni spishi fulani na si nyingine, na ana haki gani ya kusema kwamba ni mpya?

Tuanze na aliye nje ya mjadala, nyoka wa baharini. Mkunga-nyoka, yaani mwana wa familia ya Ophichthidae, ni samaki kamili. Ana matamvua, hana magamba, na pezi la mgongoni humtambaa mwili karibu wote. Nyoka wa baharini ana magamba, hupanda juu kuvuta hewa, na mkia wake umebapa ubavuni. Katika pwani ya Afrika Mashariki nyoka wa kweli wa baharini ni mmoja tu, Hydrophis platurus, mweusi mgongoni na wa manjano tumboni. Kwa hiyo wengi wa “nyoka” wanaotupwa kwa hofu kutoka kwenye nyavu zetu ni samaki wasio na sumu ya kuuma. Wanapoteza maisha kwa umbo lao, na sayansi inapoteza ushahidi.

Ugumu huanza ndani ya familia. Ophichthidae wana zaidi ya spishi 350 katika jenasi zipatazo 60, na hawajaacha kuongezeka. Wengi huishi wamejichimbia katika mchanga au tope, kichwa kikichungulia. Ncha ya mkia wao ni ngumu, imechongoka, haina pezi, nao huitumia kuchimba wakiingia ardhini kinyumenyume. Kundi la pili ndani ya familia hiyohiyo, Myrophinae, lina pezi dogo la mkiani lililoungana na mapezi ya mgongoni na ya chini. Tofauti hiyo inaonekana kwa jicho tupu, na ndiyo iliyowapotosha wataalamu kwa miaka mingi. Wenye pezi mkiani waliwekwa katika familia yao, Echelidae, na wenye mkia mtupu wakawekwa katika nyingine. Mkia ulionekana kuwa hoja iliyojitosheleza.

Aliyevunja ukuta huo ni William Gosline, mtaalamu aliyefanya kazi Hawaii, katika utafiti wake wa mifupa wa mwaka 1951. Chini ya koo la makundi yote mawili kuna mifupa myembamba mingi, ya kulia na ya kushoto, inayopishana katikati na kufuma kikapu kinacholinda koo. Mikunga wa familia nyingine hawana kikapu hicho. Watu wenye koo moja hawawezi kuwa wageni kwa sababu ya mkia tu; Echelidae ikafutwa, na walio wake wakahamia kwa Ophichthidae. Mwaka 1977 John McCosker wa California Academy of Sciences huko San Francisco akaipanga upya familia nzima kwa kufuata mifupa, na mpango wake ndio unaotumika kwa sehemu kubwa hadi leo.

Mfano wa pili unatoka karibu na kwetu. Mwaka 1915 mkunga mdogo kutoka pwani ya Sudan katika Bahari ya Shamu alitangazwa kwa jina la Neenchelys microtretus. Hakufanana vya kutosha na yeyote, akapewa familia ya peke yake, Neenchelyidae. Alibaki humo nusu karne. Mifupa yake ilipochunguzwa vizuri katika miaka ya 1960 ikabainika kuwa ni Ophichthidae, na leo jenasi ya Neenchelys ina spishi nyingi, hasa za maji ya kina kirefu ya Asia ya Mashariki.

Mtu makini atauliza: kikapu cha koo nacho si matokeo ya maisha ya kuchimba, kama ulivyo mkia? Swali ni halali. Umbo lolote linalohudumia kazi moja linaweza kutokea mara mbili katika koo zisizohusiana. Jibu ni kwamba kikapu hiki kinaambatana na mambo mengine yasiyo na uhusiano na kuchimba, yakiwemo mpangilio wa pua na mifupa ya kichwa. Tena yupo Benthenchelys cartieri, anayeogelea katikati ya maji bila kujichimbia popote, na bado mifupa yake imemweka katika familia hii. Sifa moja hudanganya. Sifa tatu au nne zisizotegemeana, zikisema jambo moja, ni vigumu kuzikana.

Sasa tumlaze mkunga mezani. Tuseme amepandishwa na nyavu za kukokota kutoka mita 350, ni wa kahawia mgongoni na mweupe kidogo tumboni, urefu wa nusu mita. Kwanza huangaliwa pua. Tundu la mbele ni kijirija kinachoning’inia juu ya mdomo. La nyuma linafunguka ukingoni mwa mdomo wa juu, karibu liingie kinywani. Mkia ni mgumu, hauna pezi. Ana mapezi madogo ya kifuani, kwa hiyo jenasi kadhaa zisizo nayo zinaondoka. Pezi la mgongoni linaanza karibu na mapezi hayo, si kisogoni kama lilivyo kwa Callechelys. Mdomo wa juu hauna nyuzinyuzi zinazowatambulisha Cirrhimuraena. Meno yamechongoka, si butu kama ya Myrichthys wanaovunja magamba ya kaa. Huyu anaelekea kuwa Ophichthus.

Hapo ndipo kazi ilipo, kwa sababu Ophichthus ni jenasi yenye makumi ya spishi, iliyowekwa na Jonas Ahl mwaka 1789 na kujazwa tangu wakati huo na kila mkunga-nyoka mwenye sifa za kawaida. Katika karne ya 19 Johann Jakob Kaup na wenzake waliigawa katika jenasi nyingi ndogo. Waliofuata wakaziunganisha tena nyingi kati ya hizo. Ndani ya jenasi hii hakuna sifa moja ya kumaliza kesi. Mtaalamu hulazimika kukusanya vipande.

Kipande cha kwanza ni vitundu vya hisi kichwani. Mkunga ana mifereji chini ya ngozi inayohisi mitikisiko ya maji, nayo hufunguka nje kwa vitundu vidogo sana: juu ya jicho, chini yake, kwenye taya la chini, na nyuma ya shavu. Nyuma ya shavu kuwa na vitundu 2 au 3 kunaweza kutenganisha spishi mbili zinazofanana kwa mengine yote. Kuvihesabu kunataka subira. Mtafiti hukausha ngozi ya kichwa kwa mkondo mwembamba wa hewa chini ya hadubini, na ngozi inapoanza kupoteza ung’avu, vitundu hujitokeza kama nukta. Wengine hutia rangi ya buluu ili nukta zishike. Ngozi ya samaki wa kina kirefu ni laini, na mchubuko wa nyavu unaweza kufanana na kitundu au kukifuta. Ndiyo maana huhesabiwa pande zote mbili, na pande zikitofautiana, tofauti hiyo huandikwa kama ilivyo.

Kipande cha pili ni meno. Safu ya taya la juu ni moja au mbili? Meno ya ncha ya pua yameachana na ya katikati ya kaakaa, au yameungana nayo? Hapa pana mtego wa umri, kwa sababu mpangilio wa meno unaweza kubadilika mkunga anapokua, na safu ya mtoto si lazima iwe safu ya mkunga mzima.

Kipande cha tatu, na ninachokiamini kuliko vyote, ni pingili za uti wa mgongo. Mkunga hupigwa eksirei, kisha huhesabiwa pingili zilizo mbele ya mwanzo wa pezi la mgongoni, zilizo mbele ya mwanzo wa pezi la chini, na zote kwa jumla. Namba hizo tatu hazibadiliki samaki anaponenepa, anaposinyaa ndani ya alkoholi, wala anapopoteza rangi. Mwaka 1982 Eugenia Böhlke wa Philadelphia alichapisha hesabu za pingili za vielelezo vya msingi vya mikunga vilivyohifadhiwa katika makumbusho, yaani wale samaki hasa ambao majina ya spishi yamefungwa kwao. Ilikuwa kazi ya uvumilivu isiyopigiwa makofi, lakini bila ya kazi kama hiyo mtafiti wa Mombasa au Kochi angelazimika kusafiri makumbusho kwa makumbusho ili alinganishe mkunga mmoja.

Nguvu ya namba hizi ilithibitishwa na Johannes Schmidt wa Denmark katika mikunga wa mtoni. Mkunga wa Ulaya na wa Marekani hawatofautiani kwa macho, lakini wa Ulaya ana wastani wa pingili 115 hivi na wa Marekani 107 hivi. Kwa tofauti ya pingili nane Schmidt aliweza kupambanua watoto wa spishi hizo mbili wakiwa wangali katika Atlantiki, kabla hawajafika kwenye mto wowote.

Hata pingili zina udhaifu wake. Mkunga-nyoka hutumia mkia kama chombo cha kuchimbia, na mikia hukatika, mingine ikapona na kufunga ncha vizuri kiasi cha kumdanganya anayetazama harakaharaka. Jumla ya pingili za samaki wa namna hiyo haina maana yoyote. Ndiyo sababu hesabu ya mbele ya pezi la chini ina thamani ya pekee: sehemu hiyo haikatiki mkunga akabaki hai.

Baada ya hapo huja vipimo vya uwiano, kama urefu wa kichwa au mkia ukilinganishwa na mwili na ukubwa wa jicho. Vinasaidia, lakini visitangulizwe. Samaki aliyekaa miaka 40 ndani ya alkoholi amesinyaa. Mdogo ana jicho kubwa kwa kichwa chake kuliko mkubwa. Jike lililojaa mayai lina tumbo lisilo lake la kila siku.

Rangi nayo, ambayo ndiyo nguzo kwa mikunga wa maji mafupi, huku chini inakaribia kukosa kazi. Kwenye miamba ya Zanzibar na Watamu mpiga mbizi anaweza kumtambua Myrichthys colubrinus kwa pete zake nyeusi juu ya mwili mweupe, na akamtofautisha na Leiuranus semicinctus ambaye mabaka yake hufunika mgongo na kuishia ubavuni. Mikunga-nyoka wengi wa kina kirefu hawana pete wala madoa, ni kahawia juu na weupe chini. Wachache wana alama ndogo kwenye vitundu vya hisi au ukingo mweusi wa pezi, na alama hizo huanza kufifia mara tu samaki anapoingia kwenye fomalini. Picha iliyopigwa ndani ya saa ya kwanza, samaki akiwa bado mbichi, huwa ndiyo kumbukumbu pekee ya rangi yake.

Kuna ushahidi mwingine unaoelea juu kabisa ya makazi ya mkunga mwenyewe. Mikunga wote hupitia utoto wa ajabu: kiluwiluwi chao, leptosefali, ni bapa na angavu kiasi kwamba unaweza kuusoma mwandiko kupitia mwili wake. Hafanani hata kidogo na mzazi. Kwa muda mrefu viluwiluwi hivyo vilipewa majina kana kwamba ni samaki wengine kabisa. Kaup mwenyewe mwaka 1856 alimtangaza mmoja kuwa Leptocephalus brevirostris. Waitaliano Grassi na Calandruccio, walioshughulika na samaki wa Messina, walionyesha katika miaka ya 1890 kwamba yule alikuwa mtoto wa mkunga wa Ulaya. Njia ya kuwaunganisha watoto na wazazi ni ileile ya kuhesabu: vipande vya misuli vya kiluwiluwi hulingana na pingili za mkunga mzima.

Viluwiluwi hawa wana neno kuhusu uainishaji ambalo mara nyingi husahaulika. Mkunga mzima hahami tope lake, lakini mtoto wake huchukuliwa na mikondo kwa wiki au miezi. Kwa hiyo umbali peke yake si hoja. Mkunga aliyevuliwa Madagaska na mwingine aliyevuliwa mbali kaskazini wanaweza kuwa ukoo mmoja, na anayetaka kuwatenga lazima alete zaidi ya ramani.

Vinasaba vimeingia katika mjadala huu kwa kishindo. Tangu Paul Hebert na wenzake wa Guelph, Kanada, wapendekeze mwaka 2003 kutumia kipande kifupi cha jeni moja, cha herufi 650 hivi, kama alama ya utambulisho wa wanyama, kipande cha nyama kilicho kidogo kuliko ukucha kinaweza kujibu swali ambalo zamani lilihitaji samaki mzima mwenye mkia usiokatika. Kinaweza kumuunganisha kiluwiluwi na mzazi bila kuhesabu chochote. Kinaweza pia kufichua kwamba mikunga wawili wasiotofautiana kwa macho wametengana tangu zamani. Mimi naona hii ni neema kubwa, hasa kwa nchi ambazo hazina makumbusho makubwa ya samaki.

Lakini vinasaba havitoi jina. Vinasema tu kwamba huyu yuko karibu na yule. Jina linatoka kwa kielelezo cha msingi, na vielelezo vingi vya msingi vya mikunga wa kina kirefu vililowekwa kwenye fomalini miaka mingi kabla ya mtu yeyote kufikiria jeni. Fomalini hukaza nyama na kuharibu vinasaba. Hivyo mtafiti anaweza kuwa na mfuatano safi wa jeni wa mkunga aliyemvua jana, asiwe na kitu cha kuulinganisha nao isipokuwa mifuatano iliyowekwa kwenye hifadhidata na watu wengine, ambao huenda nao walikosea jina. Kosa moja la jina katika hifadhidata hurithiwa na kila anayeliamini. Kwa mikunga-nyoka, ambao ni wachache wanaoweza kuwatambua kwa uhakika, hatari hiyo ni kubwa kuliko kwa tuna au kamba. Namba za pingili, picha ya meno na samaki mwenyewe ndani ya chupa ndivyo vinavyomwezesha mtu wa baadaye kurudi kukagua.

Tufike kwenye jambo linalogawanya wataalamu. Spishi kadhaa za mikunga-nyoka wa kina kirefu zimetangazwa kwa samaki mmoja au wachache tu. Je, ni haki? Wapo wanaosema tungoje, kwa kuwa samaki mmoja hawezi kutuonyesha jinsi spishi inavyotofautiana ndani yake, na huenda aliyeonekana wa ajabu ni mlemavu au ni ukingo wa spishi ya zamani. Wengine hujibu kwamba bahari ya kina haingoji, na samaki wa pili anaweza asivuliwe kwa miaka 50. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinaruhusu kielelezo kimoja, hazilazimishi busara.

Msimamo wangu ni huu. Tofauti ikiwa ya uwiano wa mwili peke yake, mtafiti angoje, kwa sababu samaki mmoja hana wastani. Tofauti ikiwa ya mifupa, ya idadi ya vitundu pande zote mbili, ya mwanzo wa pezi uliohesabiwa kwa pingili, na zote zikaelekea upande mmoja, basi atangaze. Jina lililotangazwa kwa ushahidi ulio wazi linaweza kusahihishwa na mwingine. Samaki aliyebaki rafuni bila jina hawezi kusahihishwa na mtu, na mara nyingi hata kutafutwa hatafutwi.

Kazi inayonionyesha jinsi hili linavyofanywa vizuri ni ya McCosker, iliyochapishwa mwaka 2010, kuhusu Ophichthus wa kina kirefu wa Bahari ya Hindi na Pasifiki. Alikusanya vielelezo vilivyotawanyika katika makumbusho ya nchi nyingi, akavilinganisha kwa sifa zilezile kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho, akatangaza spishi mpya 9 kwa mkupuo mmoja. Kati ya hizo yumo Ophichthus ishiyamorum, kutoka maji ya Somalia. Wavuvi wa Barawa na Kismayu, wakiwemo wanaozungumza Chimwini na Kibajuni, wameishi jirani na bahari hiyo vizazi kwa vizazi, na maelezo ya samaki huyu yameandikwa California.

Hali hiyo ina historia ndefu katika upande wetu wa bahari. Meli ya Kijerumani Valdivia ilipita Dar es Salaam mwaka 1899 ikichunguza kina kirefu. Meli ya Misri Mabahiss ilifika Zanzibar katika safari ya John Murray ya 1933 na 1934. Anton Bruun ya Marekani ilikokota nyavu katika Bahari ya Hindi ya magharibi miaka ya 1963 na 1964. J. L. B. Smith wa Afrika Kusini, yule aliyemtambulisha silakanti, samaki wa kale, kwa ulimwengu, alichapisha mwaka 1962 kazi juu ya mikunga wa mchangani wa Bahari ya Hindi ya magharibi na Bahari ya Shamu. Christine Karrer akafuata miaka ya 1980 na kazi yake juu ya mikunga wa Mlango wa Msumbiji, ambamo alimtangaza Ophichthus brachynotopterus wa kina kirefu. Kila mmoja wao alistahili heshima, na vielelezo vyao vilikwenda kuhifadhiwa nje ya nchi zilizo karibu na maji hayo.

Ukiangalia India katika miaka ya karibuni unaona njia nyingine. Mwaka 2018 watafiti wa huko walitangaza Ophichthus johnmccoskeri kutoka Ghuba ya Bengal, na mwaka 2019 Ophichthus mccoskeri wa kina kirefu kutoka Bahari ya Andaman. Yote mawili ni majina ya kumuenzi mzee yuleyule wa San Francisco. Taiwan nayo imeongeza mikunga wengi kwa kufuatilia samaki wanaoteremshwa na meli za kukokota katika bandari za Dashi na Donggang. Jambo la msingi huko si mitambo ya gharama. Ni mtafiti anayefika bandarini kila mara, akazoeana na manahodha, akaruhusiwa kupekua kreti za samaki wasio na bei kabla hawajapelekwa kusagwa.

Sisi tuna bahari inayostahili kazi hiyo. Pwani ya Tanzania inateremka haraka, na mkondo wa Pemba peke yake unafika kina cha mita 800 hivi, mwendo mfupi kutoka Tanga kwa boti. Meli ya Dr Fridtjof Nansen, inayoendeshwa kwa ushirikiano wa FAO na Norway, imekokota nyavu zake katika maji yetu kwa vipindi tofauti. Msumbiji ina uvuvi wa kamba wa kina kirefu, na nyavu zinazokokotwa kwenye tope la mita 300 na zaidi hazichagui. Zinaleta kila kinachoishi humo, mikunga wakiwemo. Jarife za wavuvi wa Tanga, zilizotegwa kwa ajili ya papa, ndizo zilizoleta silakanti wengi wa Tanzania juu kuanzia mwaka 2004. Hakuna aliyewatuma kutafuta silakanti. Waliokuja kuwatazama samaki hao walikuta vielelezo kwa sababu wavuvi walitoa taarifa na watu wakasikiliza.

Kwa mkunga-nyoka kinachohitajika ni kidogo, na kinaweza kuanza kesho. Nahodha au mwangalizi aliye ndani ya meli ya kukokota ampige picha samaki akiwa mbichi, ubavu wa kushoto, kichwa kikionekana vizuri, pamoja na rula. Akate kipande kidogo cha nyama upande wa kulia na kukitia kwenye alkoholi kali kabla ya fomalini kugusa chochote. Aandike tarehe, kina, na mahali kwa vipimo vya setilaiti kwenye karatasi isiyooza, aiweke ndani ya chupa pamoja na samaki, si juu ya kifuniko kinachopotea. Kisha chupa iende mahali penye mtu wa kuitunza: TAFIRI ya Tanzania, KMFRI ya Kenya, Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Zanzibar, Makumbusho ya Taifa ya Kenya, au chuo kikuu chenye rafu na alkoholi ya kuongeza inapopungua.

Kwa wanaopanga bajeti za taasisi hizo, ombi ni moja: ajirini mtunza vielelezo na mumwache akae kazini miaka 20. Mradi wa miaka mitatu unaweza kuvua mkunga mpya. Hauwezi kumtunza hadi atakapokuja mtu anayejua kuhesabu pingili zake.